Pambo Lisilomngoja Mgeni

Ukuta na dari havikutani sawasawa. Fundi awe hodari namna gani, pale juu panapopigwa kona patabaki mwanya, huku mpana, kule mwembamba, na mwenye nyumba atauona kila akikaa kitini. Si kosa la mtu. Ukuta ni wa matofali na saruji, dari ni ya mbao na jipsamu. Kila kimoja huvimba na kusinyaa kwa wakati wake, na paa la bati linalounguzwa na jua mchana likapoa usiku huvivuta vyote viwili. Mkanda ulibuniwa kwa ajili ya mwanya huo: ule ukanda wa jipsamu wenye mawimbi, majani au mistari, unaobandikwa juu kuzunguka chumba kizima. Wengi wetu tunauita urembo. Fundi anajua kuwa ni kifuniko.

Siku hizi kisiwani Pemba mikanda imeenea. Chake Chake, Wete, Mkoani, Konde, hata katika vijiji vilivyo mbali na lami, utakaribishwa kwenye sebule yenye dari ya ngazi mbili, ua la jipsamu katikati panaponing'inia taa, na taa ndogo za rangi zilizofichwa pembeni. Babu wa mwenye sebule hiyo huenda alizaliwa katika nyumba ya fito na udongo iliyoezekwa makuti. Mabadiliko haya yamekuja upesi, ndani ya umri wa mtu mmoja, na yanastahili kutafakariwa kabla hatujayazoea. Pambo la ukutani ni la nani? Na lina kazi gani? Naona maswali haya yana jibu moja, na jibu lenyewe limo humuhumu kisiwani, tena tangu zamani.

Asubuhi moja nilikaa katika nyumba ya jamaa zangu Wete nikimtazama fundi akifunga mkanda. Alikuwa na dumu lililokatwa nusu. Alitia maji kwanza, ndipo akanyunyiza unga wa jipsamu juu yake, kidogo kidogo, mpaka ukajaa kama kisiwa na kuanza kulowa wenyewe. Hakukoroga mpaka unga wote ulipokunywa maji. Baada ya hapo alikuwa mbioni, kwa sababu uji huo huganda kwa dakika chache, na ukishaganda hauna tena msaada. Aliupaka mgongoni mwa mkanda kwa mwiko mdogo, akaupandisha, akaubana kwa kiganja, huku kijana wake ameshika ncha ya pili.

Kazi kubwa ilikuwa konani. Vitabu husema mikanda miwili hukatwa mshazari wa digrii 45, maana kona ni digrii 90. Kuta zetu hazijasoma vitabu hivyo. Fundi alichukua kipande kifupi cha mkanda, akakibana kwenye ukuta wa kwanza, akachora mstari darini kufuata ukingo wake. Akahamia ukuta wa pili, akachora tena. Pale mistari miwili ilipokatana akaweka nukta, kisha akapitisha mstari wa tatu kutoka kwenye nukta hiyo hadi ndani kabisa ya kona. Mstari huo ndio uliompa mshazari wa kukatia, na hakuhitaji kujua kona ile ni ya digrii ngapi.

Bi mkubwa wa nyumba alikuwa amesimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Fundi, mwanangu, hiyo kona mbona umeikata pogo?"

"Sikuikata pogo mimi, Bi mkubwa. Kona ndiyo pogo. Mie nimeifuata."

"Basi ifuate, lakini usiwaambie wageni."

"Wageni hawatazami juu, Bi mkubwa. Wewe ndiye utakayekaa chini yake kila siku."

Fundi yule hakuwa na nia ya kutoa falsafa, lakini alilisema jambo zima. Ukichunguza mapambo yote ya ukutani utaona kila moja lilizaliwa na kazi, na kazi yenyewe ilikuwa kwa wanaokaa ndani. Skatingi, ile safu ya vigae au ubao chini ya ukuta, inaukinga ukuta na maji ya kudekia na miguu ya viti. Vipande vya mbao vinavyozunguka mlango vinaficha pale fremu inapoachana na tofali. Ua la katikati ya dari linaziba tundu la nyaya. Hata mkanda mkubwa wa mawe uliotokeza juu ya kuta za mahekalu ya Wayunani wa kale, ambao ndio babu wa mikanda yote hii, ulikuwa unayatupa maji ya mvua mbali na ukuta. Uzuri ulifuata baadaye: maadamu kifuniko lazima kiwepo, kwa nini kisiwe na umbo la kupendeza?

Jipsamu yenyewe ni jiwe laini lililobeba maji ndani yake. Tanzania tunalo: linachimbwa Makanya wilayani Same, Itigi mkoani Singida na Kilwa mkoani Lindi. Jiwe hilo likichomwa kwa joto la kiasi cha digrii 150 za Selsiasi hupoteza robo tatu ya maji yake na kuwa unga. Unga ukirudishiwa maji huyanywa, hupata joto, na kugeuka jiwe tena. Ukitia kiganja kwenye dumu la fundi wakati huo utalisikia fukuto. Kwa kuwa muda wa kugeuka ni mfupi, hakuna nafasi ya kuchonga. Jipsamu humiminwa kwenye kalibu, aghalabu ikitiwa nyuzi za katani au za plastiki ili isivunjike, na kila mkanda unaotoka hufanana na mwenziwe.

Chokaa ya wazee wetu ilikuwa na tabia nyingine kabisa. Walipanga magogo, wakarundika mawe ya matumbawe juu yake, wakachoma kwa moto mkali, maana matumbawe hayageuki chokaa mpaka joto lifike karibu na digrii 900. Kisha chokaa ilimwagiwa maji, ikaachwa ikomae. Ikishapakwa ukutani huwa haina haraka: hugeuka jiwe kwa kuvuta hewa ya ukaa polepole, na huendelea kukaza kwa miezi. Ndani ya muda huo wa unyevu fundi alisimama na kisu au patasi, akachonga mistari, misalaba midogo, maua, mikufu, kwa kufuata jicho lake. Muda ulikuwa mwingi, kwa hiyo mkono ulipata uhuru. Nakshi za kuta za kale za pwani ni mtoto wa chokaa inayochelewa, na maua ya sebule zetu leo ni mtoto wa unga unaowahi.

Sitaki mtu anisome hapa kama mwenye kulilia ya kale. Nyumba ya mawe na chokaa ilikuwa ya mwungwana na tajiri. Waliobaki, na ndio walio wengi, walikandika udongo, na urembo wao ulikuwa wa kukunjwa na kuhamishwa: mkeka wa ukili wa rangi, kanga iliyotundikwa, mto uliotariziwa. Kalibu imemletea mvuvi wa Tumbe na mchuma karafuu wa Mtambile kitu ambacho babu zao walikiona kwenye nyumba za wengine tu. Hilo ni jambo la haki, na anayelicheka ajiulize nyumba yake mwenyewe ina nini.

Lakini Pemba ni kisiwa cha maji. Masika yake si mchezo, na hata kiangazi hewa huwa nzito kwa unyevu. Jipsamu, pamoja na ugumu wake, haikuacha urafiki na maji: lita moja ya maji huyeyusha kiasi cha gramu mbili za jipsamu. Ni kidogo, ila tone linaloanguka mahali pamoja kila mvua halihitaji zaidi. Msumari mmoja wa bati ukilegea, mkanda chini yake unapiga manjano, halafu unavimba, halafu unaachia. Pia kuna chumvi. Mchanga wa pwani ukitumika kwenye lipu bila kuoshwa huingiza chumvi ukutani. Unyevu unaipandisha juu, nayo inasukuma rangi na kuacha unga mweupe. Na wenye nyumba za zamani za mawe na chokaa, wakizivika lipu ya saruji juu ili zionekane mpya, huufungia unyevu ndani ya ukuta uliokuwa ukipumua, na ukuta unaanza kuoza polepole nyuma ya uso safi.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mkanda hauzibi ufa. Unauvika nguo tu, na ufa uliovikwa nguo unaendelea na safari yake. Basi ule ufa mdogo wa kawaida, wa dari na ukuta kutokubaliana, una haki ya kufunikwa, kwa kuwa hauna tiba. Ufa unaotokana na msingi uliozama au paa linalovuja hauna haki hiyo. Kuujua huu na ule ndio ufundi wenyewe, na si fundi wa jipsamu peke yake anayepaswa kuujua.

Sasa turudi kwenye swali la pambo ni la nani. Twende Pujini, kusini-mashariki mwa Chake Chake, kwenye magofu ya ngome ya mtawala Mkama Ndume. Wenyeji humtaja kwa ukali: wanasimulia kwamba aliwalazimisha watu kubeba mawe ya ujenzi kichwani huku wakijikokota kwa makalio. Wataalamu huiweka ngome hiyo kwenye karne ya 15. Ndani yake kuna mahali palipochimbwa chini ya ardhi na kujengewa ngazi za kushukia. Hadithi ya wenyeji inasema palikuwa kisima cha wake wenza wawili waliotenganishwa na ukuta, mmoja akiteka kutoka juu na mwenzake akishuka ngazi, ili wasionane. Adria LaViolette wa Chuo Kikuu cha Virginia, aliyefanya uchimbuzi hapo na kwingine Pemba kwa miaka mingi, anapaona kuwa palikuwa mahali pa ibada ya mizimu. Kwa vyovyote, humo chini, kwenye ukuta, kuna sanamu ya siwa iliyotokezwa.

Siwa si pembe ya kila mtu. Ndilo baragumu la enzi katika miji ya Waswahili. Ile ya shaba ya Lamu na ile ya pembe za ndovu ya Pate zimehifadhiwa mpaka leo katika makumbusho ya Lamu. Mtawala aliyetaka kuonyesha ukubwa wake angeweza kuiweka alama hiyo juu ya lango, kila apitaye aione. Siwa ya Pujini ilipelekwa shimoni, mahali ambapo huenda wachache sana waliruhusiwa kushuka. Ni kazi ya jamii moja na mkanda wetu, umbo lililotokezwa juu ya uso wa ukuta, ila haikumngoja mgeni. Ilikuwa ni maneno baina ya mwenye nyumba na mambo aliyoyaamini.

Pujini haiko peke yake katika hilo. Nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18 zinaonyesha utaratibu uleule kwa ukamilifu zaidi. Kwa nje ni ukuta mtupu na mlango. Mgeni mwanamume wa kawaida aliishia kwenye daka, kibaraza cha mlangoni. Ndani vyumba vilifuatana kimoja nyuma ya kingine, msana wa tini, msana wa yuu, kisha ndani. Na kadiri ulivyoingia ndivyo nakshi zilivyozidi, mpaka kwenye chumba cha mama wa nyumba, ambako ukuta mzima ulikuwa zidaka juu ya zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, vimepambwa na kuwekwa kaure za China na vitabu. Zidaka hivyo navyo vilikuwa na kazi. Vyumba vile ni vyembamba, kwa kuwa upana wake ulipangwa na urefu wa boriti ya mkoko, na safu za zidaka hulipa jicho kina ambacho chumba hakina. Viliweka vyombo mbali na miguu ya watoto, na kulikuwa na walioamini kwamba vilikinga chumba cha uzazi na shari. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani: msemo huu tunautumia kwa watu, lakini aliyeutunga alikuwa anazijua nyumba.

Sisi tumegeuza mpangilio huo bila kukaa kikao. Sebule, mahali pa mgeni, ndipo palipo na dari ya ngazi mbili. Ukisogeza pazia ukapita ukumbini hadi chumba cha kulala, mara nyingi utakuta dari haijapigwa, boriti na bati ziko wazi, na lipu haijaguswa na rangi. Sijui nyumba ngapi ziko hivyo, wala si lazima nijue. Kila msomaji ana yake anayoifikiria sasa hivi. Sababu ya kwanza ni fedha, nayo inaeleweka. Nyumba ya Pemba hujengwa kwa misimu. Karafuu zikizaa vizuri, majamvi yakajaa mbele ya nyumba na gunia likapimwa, chumba kimoja kinasogea. Zikikataa, mchanga unabaki uani hadi uote majani. Mwenye kuweza chumba kimoja kwa mwaka huanzia na kile cha heshima.

Sababu ya pili iko mbali na kisiwa. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na zaidi baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka Oman mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje, watu wengi wenye asili ya Pemba walihamia Maskati na miji mingine ya huko. Wengine wako Dar es Salaam, Mombasa, Ulaya. Wanatuma fedha, na fedha inakuja na picha: majlisi ya Maskati yenye dari ya jipsamu iliyokatwa kama lesi, iliyojengwa katika nchi kavu ambako mvua ni tukio. Picha inafika kwenye simu ya ndugu aliyebaki Konde, naye anaionyesha kwa fundi. Kazi ikimalizika, picha nyingine inarudi Maskati. Katika safari hiyo ya picha kwenda na kurudi, kinachoonekana ndicho kinachohesabiwa. Chumvi ya ukutani haitoki kwenye picha, wala msumari uliolegea.

Hapo ndipo ninapouona mwanya mwingine, mkubwa kuliko ule wa dari. Nyumba hiyo imejengwa na mikono miwili: anayetoa na anayesimamia. Mmoja ana fedha na hana macho ya karibu; mwenziwe ana macho na hana fedha. Hawa nao, kama ukuta na dari, ni vitu viwili tofauti vinavyovimba na kusinyaa kwa nyakati zao. Aliye mbali anahisi anaibiwa, aliye karibu anahisi hashukuriwi. Sebule nzuri inafunika mwanya huo kwa muda. Inampa aliye mbali ushahidi kwamba jasho lake limefika, na inampa aliye karibu cheti cha uaminifu. Simlaumu yeyote kati yao. Ni kazi ya kweli ambayo jipsamu imepewa, na huenda ndiyo kazi nzito kuliko zote inazofanya kisiwani. Ila ni vyema wote wawili wajue kwamba mkanda hauwezi kuibeba peke yake: siku mvua itakapouangusha, mazungumzo waliyoyaahirisha yataanguka pamoja nao.

Kwa hiyo jibu langu kwa maswali yale mawili ni hili. Pambo la ukutani ni la wakaaji kwanza, na kazi yake ni kusitiri pale ambapo nyumba, kwa maumbile yake, haiwezi kukutana. Likitimiza hayo, mgeni atafaidi bila kualikwa kufaidi. Likiwekwa kwa ajili ya macho yake tu, halina ukuta wa kulishika, hata kama limebandikwa kwa unga bora.

Anayejenga Pemba leo nampa ushauri wa kawaida kabisa. Aliye Maskati aombe picha ya chumba cha kulala kabla ya ile ya sebule, na aombe picha ya bati kwa ndani wakati mvua inanyesha. Aliye nyumbani asione haya kumwandikia kwamba mwaka huu fedha imekwenda kwenye msingi na mfereji wa maji, mambo yasiyopendeza kwenye simu. Mchanga wa lipu uoshwe. Ukuta mpya upite masika moja nzima bila kuvikwa kitu, ili uonyeshe maradhi yake yote. Na mkishamaliza sebule, bakisheni fungu la chumba cha mama wa nyumba: hata kidaka kimoja kilichokatwa vizuri, cha kuwekea msahafu na taa, kitatosha.

Kisha, kabla fundi hajanyunyiza unga kwenye maji, muulizeni swali moja: pambo hili linafunika nini? Akiwa na jibu, mlipeni afanye kazi yake. Akikosa, fedha hiyo nunulieni bati.